Shoka juu ya dari: kwa nini watu wa New Orleans hawakuhama mbele ya kimbunga Katrina

Katika mtaa wa Lower Ninth Ward, mjini New Orleans huko Marekani, wazee walikuwa na onyo moja walilolirudia kila mara majira ya vimbunga yalipofika: wekeni shoka juu ya dari. Hawakusema kwa mchezo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 mwezi wa tisa 1965, kimbunga Betsy kilivunja kingo za mfereji ulio kando ya mtaa huo, na maji yakaingia majumbani gizani. Watu walipanda juu ya meza, kisha wakaingia katika ile nafasi ndogo iliyo kati ya dari na paa. Maji yakawafuata huko. Mwenye shoka alitoboa paa na kutoka. Wengine walifia mule ndani.

Miaka 40 baadaye, mwezi wa nane 2005, mtaa huohuo ulifunikwa tena na maji, safari hii kwa kimbunga Katrina. Mashoka yalikuwa bado juu ya dari katika nyumba nyingi, na yaliokoa watu. Lakini dunia nzima, ikitazama televisheni, ilikuwa na swali moja tu: kwa nini watu hawa hawakuhama mapema, na walikuwa wameambiwa? Wahami wa Kivu wanalijua vizuri swali la namna hiyo. Wameulizwa mara nyingi, na mara nyingi anayeuliza ni mtu mwenye gari.

Ili kujibu, lazima kwanza kuujua mji wenyewe. New Orleans iko kati ya mto mkubwa wa Mississippi upande wa kusini na ziwa Pontchartrain upande wa kaskazini. Karibu nusu ya mji iko chini ya usawa wa bahari, mfano wa sahani iliyowekwa ndani ya beseni la maji. Kinachozuia maji yasiingie ni kingo za udongo na kuta za simenti, na maji ya mvua hutolewa kwa pampu kupitia mifereji inayokata mitaa na kumwaga ziwani. Kimbunga kinapokuja, upepo wake husukuma bahari kuelekea nchi kavu, bahari inajaza ziwa, na ziwa linarudisha maji ndani ya mifereji ileile iliyochimbwa kuyatoa.

Huku Kongo vimbunga vya namna hiyo havipo. Haviwezi kuzaliwa karibu na ikweta, maana pale mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuuzungusha upepo. Mafuriko ya huku hutoka milimani na mitoni, na hayatoi ilani. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba za Uvira. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, katika wilaya ya Kalehe, maji na mawe viliteremka juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko la Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Pale hakuna aliyepewa siku ya kufikiri kama ahame au abaki. Watu wa New Orleans walipewa siku mbili na kidogo. Kwa hiyo kisa chao kinafaa kutazamwa kwa karibu: kinaonyesha mtu anafanya nini anapopewa muda, na muda huo unamfaa nani.

Katrina ilianza tarehe 23 mwezi wa nane karibu na visiwa vya Bahamas. Tarehe 25 ilipita Florida kama kimbunga kidogo, ikaua watu wachache, kisha ikaingia katika Ghuba ya Meksiko yenye maji ya moto, na huko ikanenepa. Jumamosi tarehe 27, meya wa New Orleans, Ray Nagin, aliwashauri wakaaji waondoke. Aliwashauri tu, hakuwaamuru. Jioni ile mkubwa wa kituo cha taifa cha kuchunguza vimbunga, Max Mayfield, alimpigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo mtu wa kazi yake hafanyi kila siku. Jumapili asubuhi upepo ulikuwa umefika kilomita 280 kwa saa, na ofisi ya hali ya hewa ya Slidell ikatoa tangazo lililoogopesha hata waliolisoma redioni: sehemu kubwa ya eneo haitakalika kwa majuma mengi, na kukosa maji ya kunywa kutaleta mateso ambayo watu wa siku hizi hawajayaona. Mnamo saa tatu na nusu za asubuhi meya akaamuru watu wote wahame. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya mji ule. Kimbunga kiligusa nchi kavu huko Buras kesho yake, Jumatatu tarehe 29, saa kumi na mbili na dakika kumi za asubuhi. Hesabu ni rahisi: kutoka amri hadi kimbunga, hata saa 24 hazikutimia.

Tusisahau kwamba wengi walihama. Barabara kuu ziligeuzwa, pande zote mbili zikawa za kutoka mjini, na watu karibu milioni moja au zaidi kidogo waliondoka katika eneo lote. Kwa upande wa magari, mpango ulifanya kazi vizuri, na viongozi waliusifu. Lakini mpango wote ulikuwa wa magari. Katika mji wenye wakaaji zaidi ya 450,000, zaidi ya 100,000 walikuwa katika nyumba zisizo na gari hata moja. Serikali ilijua jambo hilo. Mwezi wa saba 2004 viongozi wa ngazi zote walikuwa wamekaa pamoja katika zoezi la kimbunga cha kubuni walichokiita Pam, na katika zoezi lile waliona kabisa kwamba watu makumi ya maelfu watabaki kwa kukosa usafiri. Kimbunga cha kweli kilipokuja mwaka mmoja baadaye, mabasi ya shule mamia yalibaki yamepangwa katika uwanja wao, na picha yao yakiwa yamezama hadi madirishani ikazunguka dunia nzima.

Halafu kuna tarehe. Katrina ilifika tarehe 29. Wazee, walemavu na maskini wengi wa Marekani hupokea pesa zao za msaada mwanzoni mwa mwezi. Mtu anayeishi kwa cheki ya tarehe 1, tarehe 28 mfuko wake ni mtupu. Kuhama ni esansi, ni chumba cha hoteli, ni chakula cha njiani kwa watu sita au saba, na hakuna ajuaye ni kwa siku ngapi. Mtu aliyebaki nyumbani siku ile hakuwa lazima mkaidi. Yawezekana alihesabu pesa alizonazo, akahesabu watu wa jamaa yake, akaona hesabu haiingii.

Na kuna kumbukumbu, ambayo ni jambo gumu kuliko pesa. Mwezi wa tisa 2004, mwaka mmoja tu kabla, kimbunga Ivan kilitangazwa kwamba kinakuja. Watu mamia ya maelfu walitoka. Barabara ya Baton Rouge, kilomita 130 hivi, iliwachukua wengine zaidi ya saa kumi, watoto wakilia na magari yakichemka. Kisha Ivan ikageuka, ikaenda kupiga Alabama. Waliobaki nyumbani waliwacheka waliohama. Aliyetumia pesa zake za mwezi mzima kumkimbia Ivan hakuwa na haraka ya kumkimbia Katrina, na wazee waliookoka Betsy walisema: tuliona makubwa kuliko haya, nyumba bado imesimama.

Kumbukumbu nyingine ilikuwa chungu zaidi. Tarehe 29 mwezi wa nne 1927, Mississippi ikiwa imejaa kupita kiasi, matajiri wa mji walipata ruhusa ya kulipua kwa baruti ukingo wa mto huko Caernarvon, chini ya New Orleans, ili maji yaende kwa watu wa St. Bernard na Plaquemines na mji upone. Watu wapatao 10,000 waliondolewa makwao, na fidia waliyoahidiwa ilikuja kidogo sana. Ubaya ni kwamba baruti ile haikuhitajika: kingo za juu ya mto zilivunjika zenyewe na kupunguza maji. Tangu hapo, kila mafuriko yalipoingia katika mitaa ya watu weusi, ilisemwa kwamba wakubwa wamelipua kingo tena. Ilisemwa mwaka 1965, ikasemwa tena 2005, maana watu walisikia mshindo mkubwa ukuta ulipovunjika. Ushahidi wa baruti kwa miaka hiyo miwili haukupatikana. Lakini mtu ambaye babu yake alifurikishwa kwa makusudi hawezi kuamini upesi amri ya meya ya kwenda asikokujua.

Walikuwako pia waliobaki kwa sababu ya mtu mwingine. Mama mzee anayepumua kwa mashine, kaka aliye kitandani, binti mwenye zamu hospitalini ambaye jamaa hawakutaka kumwacha nyuma. Wengine walibaki kwa ajili ya mbwa, kwa sababu makao ya serikali hayakupokea wanyama. Msomaji wa huku anaweza kucheka, lakini mama wa Masisi aliyekataa kuacha mbuzi wake wawili anaelewa. Mwaka 2006 bunge la Marekani lilitunga sheria inayozitaka mamlaka kuwaweka wanyama wa nyumbani katika mipango ya kuhamisha watu.

Asubuhi ya Jumatatu ile, mnamo saa mbili kasoro robo, ukuta wa mfereji wa Industrial Canal ulibomoka upande wa Lower Ninth Ward. Maji hayakupanda polepole. Yalikuja kama ukuta, yakang'oa nyumba katika misingi yake na kuzirundika moja juu ya nyingine. Chombo kikubwa cha chuma cha kupakia mizigo kilipita penye tundu kikatua juu ya nyumba za watu. Katika mitaa ya katikati mambo yalikuwa tofauti, na kwa namna fulani ya udanganyifu zaidi. Upepo ulitulia mchana, watu wakatoka nje, wakaona barabara ina maji kidogo tu, wakasema tumepona. Hawakujua kwamba kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue zimeanguka pia, na ziwa linajimwaga ndani ya mji. Maji yaliendelea kupanda usiku ule na siku iliyofuata, mpaka ndani ya mji na ziwani yakalingana. Asilimia 80 ya mji ilifunikwa, mahali pengine kwa zaidi ya mita nne.

Waliobaki nyumbani walifanya walichoweza. Waliokuwa na akili ya zamani walikuwa wamejaza maji safi katika beseni la kuogea kabla umeme haujakatika. Waliweka dawa na vitambulisho ndani ya mifuko ya plastiki. Walibeba wazee juu ya milango iliyong'olewa na magodoro ya kujaza upepo. Waliandika paani kwa rangi kwamba wanahitaji msaada. Joto chini ya paa la mwezi wa nane lilikuwa la kuua, na liliua kweli: kati ya waliokufa Louisiana, karibu nusu walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Katika nyumba moja ya kutunza wazee huko St. Bernard, ambayo haikuhamishwa, walikufa wazee 35. Wenye nyumba ile walishitakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachilia. Walikuwa wamejitetea kwamba safari yenyewe ingewaua walio dhaifu. Utetezi huo ulionekana wa ajabu kwa wengi, lakini si wa kutupwa, kama itakavyoonekana.

Waokoaji wa kwanza kwa wengi walikuwa majirani na wavuvi wenye mashua. Kikosi cha ulinzi wa pwani kiliokoa watu zaidi ya 33,000, baadhi yao kwa helikopta kutoka mapaani. Baadaye wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakichora alama ya X ukutani: tarehe, kikosi kilichoingia, na chini kabisa idadi ya maiti.

Meya alikuwa amefungua uwanja wa mpira wenye paa, Superdome, kuwa kimbilio la mwisho. Waliingia kama 10,000 kabla ya upepo, wakapita 20,000 baada ya maji. Paa lilichanika, vyoo vikajaa, umeme ukafa. Wengine kama 20,000 walielekea jumba la mikutano, ambako hakukuwa na chakula wala maji yaliyoandaliwa. Tarehe 1 mwezi wa tisa kundi la watu lilijaribu kutoka kwa miguu kupitia daraja la mto kwenda Gretna, na polisi wa upande ule waliwarudisha kwa kufyatua risasi hewani. Hawa walikuwa watu waliotii sasa ile amri ya kuhama. Njia ilifungwa mbele yao.

Mabasi yalipofika, na baadaye ndege, wengi hawakuambiwa wanapelekwa wapi. Walijikuta Houston, Atlanta, hata Utah kwenye milima na theluji. Jamaa zilitenganishwa: watoto zaidi ya 5,000 waliandikishwa kuwa wamepotezana na wazazi wao, na ilichukua zaidi ya miezi sita kumjua kila mmoja yuko wapi. Magazeti yaliwaita wakimbizi, na wao wakakasirika. Walisema mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake, sisi ni raia, tumo ndani ya nchi yetu na serikali ni yetu. Neno tu, mtu atasema. Lakini aliyewahi kukaa Bulengo au Rusayo anajua kwamba neno hilo linaamua nani ana deni kwako.

Majuma matatu baada ya Katrina, kimbunga Rita kilielekea Texas. Safari hii hakuna aliyetaka kuchelewa. Watu zaidi ya milioni mbili waliingia barabarani kutoka Houston na pwani yake, magari yakasimama kwa siku nzima katika joto, esansi ikaisha. Tarehe 23 mwezi wa tisa basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee lilishika moto karibu na Dallas, wakafa 23. Barabara ile iliua watu wengi kuliko kimbunga chenyewe. Kwa hiyo mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipokuja na mvua isiyo na mfano, meya wa Houston, Sylvester Turner, alikataa kuamuru watu wahame, akakumbusha Rita. Maelfu waliokolewa majumbani kwa mashua. Katika mji ule kulikuwamo pia jamaa za Wakongomani waliopelekwa huko kutoka makambi ya Afrika ya Mashariki, na ambao hawakuwahi kudhani kwamba watahama tena kwa ajili ya maji. Watu bado wanabishana kama Turner alifanya vizuri. Aliyekwama saa 20 barabarani mwaka 2005 anajibu upesi kuliko aliyeketi paani mwaka 2017.

New Orleans yenyewe ilijifunza jambo moja. Mwaka 2008, kimbunga Gustav kilipokaribia, mji ulileta mabasi na gari-moshi kwa wasio na gari, na watu karibu milioni mbili wakatoka kusini mwa Louisiana. Lakini mpango ule unahitaji siku tatu. Kimbunga Ida, mwaka 2021, kilinenepa haraka mno, siku tatu hazikupatikana, na meya LaToya Cantrell akawaambia walio ndani ya kuta kwamba muda wa kuamuru wote wahame umepita. Ida ilifika tarehe 29 mwezi wa nane, tarehe ileile ya Katrina. Kuta mpya zilisimama. Umeme haukusimama, na wazee wakafa kwa joto katika nyumba kavu.

Kuta za zamani ziliangushwa na kazi mbaya kuliko nguvu ya kimbunga. Mwezi wa sita 2006 mkubwa wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, jenerali Carl Strock, alikubali hadharani kwamba ujenzi wao ulikuwa na makosa. Katika mfereji wa 17th Street maji hayakuwa hata yamefika juu ya ukuta. Msingi ulikuwa mfupi katika udongo laini, ukuta ukasukumwa tu.

Kurudi ndiko kulikochukua muda mrefu. Pampu zilimaliza kukausha mji tarehe 11 mwezi wa kumi, lakini waliotoka na mfuko mmoja walikuta shughuli nyingine. Mpango wa serikali wa kujenga upya, uitwao Road Home, ulilipa kwa kufuata bei ya nyumba kabla ya kimbunga. Nyumba ya mtaa wa watu weusi ilikuwa na bei ya chini kuliko nyumba ya ukubwa uleule katika mtaa wa wazungu, ingawa mbao na misumari bei yake ni moja. Watu walishitaki, na mwaka 2011 kesi ikamalizwa kwa mapatano. Tena, nyumba nyingi za Lower Ninth Ward zilirithiwa kutoka kwa babu bila kubadilisha hati. Jamaa ilikuwa imekaa pale miaka 50, kila jirani anawajua, lakini karatasi ilikuwa kwa jina la marehemu, na bila karatasi pesa hazikutoka. Mwaka 2000 mtaa ule ulikuwa na watu karibu 14,000. Mwaka 2010 hawakufika 3,000. Wengine wako Houston hadi leo, na viwanja vyao vimeota majani marefu kuliko mtu.